Mwaka wa Sifongo

Habari za kifo cha Mjomba Nambunga zilinikuta jikoni kwangu, Masasi, nikichambua choroko. Aliyenipigia simu ni kijana wa jirani yao wa zamani kule Newala. Alisema kwa upole, "Shikamoo mama. Yule mzee amepumzika, tunamzika kesho baada ya adhuhuri." Nilimwitikia, nikamshukuru, nikakata simu, kisha nikaubwaga ungo chini hadi choroko zikatapakaa sakafu nzima. Watu hutegemea mwanamke wa umri wangu alie akisikia msiba. Mimi nilikasirika. Nilimkasirikia marehemu kwa kufa kabla sijawa tayari, utadhani hakunipa muda, na muda alinipa, zaidi ya miaka thelathini. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi, na wanaonifahamu wanajua ulimi wangu ulivyo. Nimewagombeza wajawazito waliochelewa kliniki, nimewafukuza wodini waume waliokuja wamelewa, na daktari mmoja kijana nilimwambia mbele ya wagonjwa wake kwamba mwandiko wake utaua mtu. Walisema, "Sista Hilda mkali, lakini ana roho nzuri." Hakuna aliyewahi kuniuliza ukali huo niliutoa wapi. Niliutoa Newala, mwaka niliokuwa na miaka ishirini na mmoja, katika nyumba ya Mama Somoe.

Nilipangiwa kazi katika zahanati moja pale mjini, muuguzi msaidizi mwenye sare mpya na kiburi kipya. Mimi na binti yake, Somoe, tulikalia dawati moja shuleni Masasi, kwa hiyo mama yake hakutaka hata kusikia kwamba nitapanga kwa watu. Alinipa chumba cha uani, chenye kitanda cha kamba na dirisha la mbao ambalo ukilifungua asubuhi ulikuta ukungu umeketi juu ya bonde la Ruvuma. Uani palikuwa na tangi la saruji la kukingia maji ya mvua, lenye mfuniko wa bati na kufuli, na ufunguo wake Mama Somoe aliufunga kwenye pindo la khanga yake mchana kutwa. Kule juu maji hayakuwa ya kuchezea. Mgeni alioga makopo mawili, mwenyeji moja, na maji ya kuoshea mboga yalimwagiwa mchicha. Somoe peke yake aliruhusiwa kuoga atakavyo, na ndivyo nilivyojua, kabla hajanieleza, kwamba ugonjwa wake si wa mchezo. Alikuwa ametoka Dar es Salaam na bahasha ya makaratasi. Ilikuwa saratani ya damu. Walimwanzishia dawa huko, wakamwandikia barua aendelee kuchomwa sindano katika hospitali ya misheni huku kwetu, chini ya mlima, ili asiwe anasafiri siku mbili kila mara. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsindikiza. Tulishuka na lori la mizigo hadi Masasi, tukaunga na basi, akachomwa kwa siku kadhaa, tukapanda tena kwetu yeye akitapikia kwenye mfuko wa nailoni na kunitania kwamba nikiolewa atamsimulia mume wangu jinsi nilivyomshikia mfuko huku nimeziba pua.

Daktari aliyekuwa akimtibu alipenda kufundisha. Siku moja alikuwa ameshika kichupa cha dawa hiyo dirishani, akiangalia kama imeyeyuka vizuri, akaniuliza kama najua asili yake. Nikasema sijui. Akanieleza kuhusu sifongo, mnyama wa baharini asiye na kichwa wala mkia, anayekaa ameganda mwambani maisha yake yote akichuja maji. Katika bahari moja ya mbali watafiti walimpata sifongo wa namna hiyo, wakakuta ndani yake vitu vinavyofanana sana na vile ambavyo seli zetu hutumia kujijenga, ila vina kasoro kidogo. Wakaiga kasoro ile, wakatengeneza dawa yao kiwandani. Seli ya saratani, ambayo haina subira, inaimeza ikidhani ni chakula chake, halafu inashindwa kujigawa. "Lakini mnyama mwenyewe hayumo humu kwenye chupa," alisema. "Kilichomo ni somo tu walilojifunza kwake." Niliyasikia maneno yote hayo. Nataka ieleweke hivyo, kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba nilisikia nusu. Nilisikia yote, na nusu ya kwanza ndiyo niliyoipenda.

Mjomba Nambunga alikuwa kaka mkubwa wa Mama Somoe. Kwa Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Baba yake Somoe alikuwa hai na mwema, lakini hata yeye alipoulizwa jambo lolote la binti yake alijibu, "Mwulizeni mwenyewe." Mwenyewe, yaani huyo mjomba, alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye mikorosho mingi na ujuzi wa mizizi aliorithi. Hakuwa mganga wa kupiga ramli. Alijua tu mzizi gani unatuliza tumbo na gamba gani linakausha kidonda, na aliwachimbia watu bila kelele. Alikuja kula kwa dada yake karibu kila siku. Nakumbuka mlo mmoja, ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa karanga, Somoe amelala chumba cha pili, kitambaa kichwani kwa sababu nywele zilikuwa zimekwisha. Mjomba alimega tonge, akalishika bila kulichovya. "Hii dawa inamnyonyoa mtoto kama kuku," alisema. "Mimi naona tumpumzishe." Mama Somoe akaniangalia mimi. Nilijua akisema tumpumzishe imekwisha, hakuna wa kumpinga. Nikasema, "Mjomba, si sumu. Hiyo dawa asili yake ni mnyama wa baharini, sifongo."

"Wa bahari hii?"

"Wa baharini, Mjomba."

"Kumbe ni dawa ya asili." Akalichovya tonge, akatafuna taratibu, akatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyekutana na ndugu ugenini. "Basi aendelee."

Jioni ile nilijiona mtu mzima. Nilikuwa nimeokoa maisha ya rafiki yangu kwa sentensi moja, na sentensi yenyewe haikuwa ya uongo. Tuliendelea na safari zetu. Mvua zikaanza, njia ya kushuka ikawa utelezi, lori likakwama mara mbili tukalala kwenye turubai juu ya magunia ya korosho. Mara nyingine tulifika tukaambiwa dawa haijaja, tusubiri, tukasubiri kwenye benchi la wauguzi tukila ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, ambayo Mama Somoe alitufungia kwenye kitambaa. Somoe alianza kuchoka. Nilimsikia akimwambia mama yake kupitia ukutani, "Mama, kama nitakufa nife nimeshiba." Nilisikia ufunguo wa tangi ukigonga sakafu, nikajua mama amekaa chini.

Mjomba Nambunga naye aliyasikia. Alikuwa na mashemeji Mikindani, pwani, akashuka kuwatembelea, akakaa wiki moja. Aliporudi alinikuta jikoni na Mama Somoe na majirani wawili, tunabangua korosho za kuchoma, mikono imekuwa myeusi. Alifungua mfuko akatoa kitu cha rangi ya manjano iliyofifia, kikavu, chenye matundu matundu, kinachonuka pwani. Wale majirani wakashika pua wakacheka. Mmoja akasema, "Mzee umebomoa godoro la watu." Mjomba hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu, yeye mwenye umri wa baba yangu, akakiweka kwenye viganja vyake viwili.

"Hilda, mwanangu. Hii ndiyo yenyewe?"

Nilikitazama. Sikuwa nimeona sifongo hata siku moja maishani mwangu, nimezaliwa Chiwata, bara, bahari yenyewe nilikuwa nimeiona mara mbili. Wale wanawake walikuwa wananitazama, msomi wa nyumba, mwenye sare. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema yale aliyoyasema daktari, kwamba mnyama hayumo kwenye chupa. Yalikuwa kwenye ncha ya ulimi, lakini kuyasema kungekuwa kukiri kwamba siku ile kwenye mlo nilimpa mzee nusu. Nikasema, "Ndiyo."

"Una hakika? Wewe ndiye uliyesoma. Mimi najua mizizi ya nchi kavu tu."

"Nina hakika, Mjomba. Ndiyo yenyewe."

Akashukuru. Akakirudisha mfukoni kwa uangalifu, akasema jambo ambalo mchimba mizizi yeyote wa kwetu angelisema, na ambalo hata leo siwezi kulicheka: ukiujua mti wenyewe, huendi dukani kununua maji yaliyooshewa magamba yake. Dawa ya chupa ilikuwa imelazwa, imesafirishwa, imepoa. Yeye alikuwa ameipata ikiwa hai mwambani. Hapo nilijua anataka kuifanya nini. Sitasema sikujua. Niliendelea kubangua korosho.

Siku nne baadaye niliitwa Masasi kwenye mafunzo ya chanjo, nikakaa karibu mwezi. Niliporudi, Somoe ndiye aliyenifungulia mlango. Amenenepa mashavu. Kichwani vinywele vimeanza kuchipua, laini kama vya mtoto mchanga, akanishika mkono akaupitisha juu yake. "Unaona? Nimerudi duniani." Alikuwa amekula panya wa kuchoma na sahani mbili za ugali, hajatapika hata kidogo. Jikoni kulikuwa na chungu cha udongo chenye mfuniko wa jani la mgomba. Mjomba alikuwa akikitwanga kile kitu kikavu, akikichemsha na kukichuja kwa kitambaa, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Safari mbili za hospitali zilikuwa zimepita bila mtu kushuka. Nyumba nzima ilikuwa na furaha, wanawake wa jirani wakija kutazama nywele, Mjomba akikaa barazani kwa namna ya mtu aliyelipa deni la ukoo mzima. Ni nani angeniuliza mimi kwa nini mgonjwa asiyechomwa sindano hatapiki? Mimi nilijua jibu. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelijua.

Nilisema nini? Nilisema, "Lakini hospitali pia mwende, mchanganye vyote viwili." Hicho ndicho kiasi cha ujasiri niliokuwa nao. Mjomba akanijibu kwa heshima kabisa, "Mwanangu, si ulisema ndiyo yenyewe?" Nikasema, "Ndiyo, ila ile ya hospitali imepimwa." Akasema, "Na mimi napima." Nikamfuata Somoe chumbani, nikafunga mlango, nikamwambia lazima tushuke wiki hiyo hiyo. Akakaa kitandani, akakunja magoti.

"Niache nipumue kidogo, Hilda. Chakula kimeanza kuwa na ladha."

"Ugonjwa unaweza kukurudia."

"Si dawa ni ileile? Wewe mwenyewe umesema."

Ilikuwa kazi ya kutamka maneno mawili tu: nilisema uongo. Nilikuwa nimekaa naye dawati moja miaka minne, nimemshikia mfuko wa matapishi, nikashindwa. Nikamwambia basi wiki ijayo. Mdomo huponza kichwa, tunasema, lakini mdomo wangu mimi uliponza kichwa cha mwenzangu.

Wiki iliyofuata fizi zilianza kutoka damu. Nyingine tena akawa na madoa ya zambarau miguuni, halafu homa. Tulimshusha kwa gari la kuazima. Daktari alisoma majibu ya damu, akanitoa nje ya wodi akauliza, "Kwa nini mlisitisha? Zile dozi zilikuwa zinafanya kazi." Hakuniambia angepona. Hakuahidi kitu kama hicho hata siku moja, na simwekei maneno mdomoni. Alisema tu zilikuwa zinafanya kazi. Nikamjibu, "Familia iliamua, Daktari. Mjomba wake." Sauti yangu ilikuwa na hasira ya kweli kabisa, hata mimi niliiamini. Somoe alikufa siku ya Ijumaa, mama yake akiwa amekwenda kutafuta uji.

Baada ya arobaini ukoo ulikaa kikao uani, karibu na tangi. Wazee wa upande wa mama kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, mimi kwenye kizingiti cha chumba changu kwa kuwa nilikuwa mgeni wa nyumba. Mjomba Nambunga alisimamishwa katikati. Aliyeongoza, mzee mwenye sauti ndogo, alimwuliza nani alimwambia kitu kile ni dawa. Nilishika fremu ya mlango. Mjomba alikuwa ameangalia chini, kwenye vidole vya miguu yake, wala hakuinua macho kuja upande wangu.

"Hakuna," alisema. "Nilijiamulia. Mjomba ni mimi."

"Umemwua mtoto wa dada yako kwa kujiamulia?"

"Nimejiamulia."

Wakamvua ujomba. Hakuna kifungu cha sheria kinachoeleza jambo hilo, lakini kila Mmakonde anajua maana yake. Wapwa zake waliolewa bila yeye kuulizwa. Watoto wa kiume walipelekwa jandoni na mjomba mwingine akawashika. Kwenye shughuli alipewa kiti cha nyuma na sahani ya mwisho, na watoto waliozaliwa baadaye walimjua kwa jina la kejeli, Mzee Sponji. Mimi nilihamia Masasi mwaka huohuo. Nikapanda cheo. Nikawa mkali.

Hasira hii nimeibeba kila mahali. Ilinipanda niliposoma kwamba watafiti bado wanazamia baharini kutafuta sifongo, kwamba kuna dawa nyingine ya saratani ya matiti iliyotokana na sifongo mwingine kabisa, na kwamba wagonjwa wetu wengi hawataiona hiyo chupa hata kwa macho. Ilinipanda mwaka juzi hapa sokoni, nilipomkuta mtu na kipaza sauti akiuza vipande vikavu vya sifongo kwenye vifuko, akisema hata wazungu wanakubali vinatibu saratani. Niliipindua meza yake. Mimi, bibi mwenye wajukuu, niliipindua, nikavikanyaga vile vifuko huku watu wakinishika mikono, na yule mwuzaji akinilalamikia, "Mama, nimekukosea nini?" Swali zuri. Alikuwa anasema nusu ileile niliyoisema mimi. Nilimkasirikia pia Mjomba Nambunga, huenda kuliko wote. Nani alimtuma anifunike? Angenitaja tu, ningelia, ningefukuzwa, ningesamehewa au nisingesamehewa, mambo yangeisha. Badala yake kila mwaka nilisema mwaka huu nitapanda Newala, na kila mwaka nikakuta kazi ya kunizuia. Mara moja nilikutana naye ana kwa ana, kwenye foleni ya dawa. Nilimwamkia shikamoo. Akasema marahaba, mwanangu, akauliza hali ya watoto wangu, akapokea vidonge vyake akaenda.

Nilipanda Newala siku ya mazishi. Wanaume walikuwa wamekwenda makaburini, wanawake tumekaa uani kwenye mikeka, na tangi lilikuwa palepale, saruji imepasuka. Mama Somoe alikuwa katikati, mdogo kabisa ndani ya khanga, macho yake hayaoni vizuri. Nilimpa mkono wa pole akaushika bila kuuliza ni wa nani. Kwenye masufuria, wasichana wawili walikuwa wanachambua mchele wakinong'ona, na mmoja, ambaye hakuwa hata amezaliwa mwaka ule, alisema, "Si ndiye aliyempikia mpwa wake sponji akafa?" Mwenzake akacheka akiziba mdomo.

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kumkaripia yule binti, hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Lakini nilipofungua mdomo yalitoka mengine. Nilisema kwa sauti ya wodini, inayofika hadi kitanda cha mwisho, kwamba mzee yule hakujiamulia. Aliniuliza mimi. Aliniuliza mara mbili, amechuchumaa chini, na mimi nilimwambia ndiyo yenyewe hali nikijua siyo. Nikasema jina langu lote. Nikasema nilikuwa nimekaa pale, kizingitini, wakati anavuliwa ujomba, na sikusema kitu. Wasichana wakaacha mchele. Mwanamke mmoja mzee akamwita Mungu kwa Kimakonde, "Nnungu wangu."

Mama Somoe aliinua uso kuelekea sauti yangu.

"Hilda," alisema.

"Abee, mama."

"Nilijua. Nilikuwepo jikoni ulipomwambia, na asubuhi ya kikao alituapisha mimi na wale majirani tusiseme. Alisema wewe bado mtoto, watu watakataa kuchomwa sindano na wewe." Alitafuta pindo la khanga kwa vidole, akalikunja. "Nikanyamaza. Nimemtazama ndugu yangu akila sahani ya mwisho miaka yote hiyo, nimenyamaza, nakungoja wewe. Nilitaka useme angali anasikia."